Jinsi ya Kutafuta na Kuziba Petroli Inayovuja Polepole kwenye Volkswagen Beetle

Petroli inayovuja polepole ni vigumu kuiona, kwa sababu mara nyingi haiachi dimbwi chini ya gari. Hukauka kabla ya kufika ardhini, na kinachobaki ni harufu tu, inayosikika asubuhi mlango unapofunguliwa au jioni injini inapozimwa ikiwa bado ya moto. Katika Volkswagen Beetle harufu hiyo haifai kuvumiliwa hata siku moja. Tanki liko mbele chini ya boneti, injini iko nyuma, na petroli husafiri kati yake kwa bomba jembamba la chuma lililofichwa ndani ya mgongo wa sakafu, ambalo kila mwisho wake umeunganishwa kwa kipande cha bomba la mpira. Huko nyuma, pampu ya petroli na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ziko karibu sana na distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ambacho ndani yake mna cheche muda wote injini inapozunguka, na mwili wa injini yenyewe ni wa aloi ya magnesiamu, madini ambayo yakishika moto maji huyachochea badala ya kuyazima. Beetle nyingi zilizoteketea barabarani ziliteketezwa na kipande cha mpira au bomba dogo la shaba ambalo lingeweza kutengenezwa kwa saa chache.

Gari hili lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na hadi leo lina wapenzi wake katika miji yetu. La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003, kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote lina umri wa zaidi ya miaka 20, nao ni umri ambao hakuna mpira wa petroli unaopaswa kuufikisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unasisitiza mambo mawili: usibadilishe kitu chochote kabla hujajua kwa hakika petroli inatokea wapi, na ukishakuta mpira mmoja umeoza, ubadilishe mipira yote.

Kutayarisha mahali pa kazi

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hauruki juu ukapotea bali hutambaa chini na kutulia mahali palipoinama. Gari lisisimamishwe juu ya shimo la mafundi, wala lisiwekwe ndani ya karakana iliyofungwa. Lipeleke uwanjani penye hewa, mbali na jiko la mkaa, jenereta, mashine ya kuchomelea na mtu yeyote anayevuta sigara. Weka kizimamoto cha unga mahali ambapo mkono wako utakifikia bila kuzunguka gari. Tumia tochi ya betri badala ya taa ya waya yenye balbu ya kioo, kwa maana balbu hiyo ikipasuka juu ya petroli hutakuwa na nafasi ya pili.

Betri ya Beetle imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Kabla ya kuigusa, fungua milango na madirisha yote usubiri harufu iishe ndani ya gari, kwa kuwa kitendo chenyewe cha kukata waya wa betri kinaweza kutoa cheche. Harufu ikishaisha, fungua waya wa hasi kwanza na uusogeze mbali. Wakati huohuo angalia kama chemchemi za kiti hazigusi vichwa vya betri mtu anapokaa, maana kifuniko cha betri kikipotea jambo hilo hutokea, na nimeona kiti kilichoungua kwa sababu hiyo pekee.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: bisibisi bapa, spana namba 13, plaizi, kisu chenye makali, vitambaa safi vya pamba, karatasi nyeupe, chombo cha chuma chenye mfuniko cha kukingia petroli, na bolti moja au mbili za milimita 6 za kuzibia ncha za mipira. Ukilazimika kuinua gari, liweke juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu, na asilale mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kusoma dalili

Wakati ambapo harufu inasikika hukueleza mahali pa kutafuta, na kazi ya uchunguzi hupungua nusu ukiufikiria vizuri kabla ya kushika spana.

Petroli ikivuja hata gari likiwa limelala usiku kucha, tatizo liko kati ya tanki na pampu. Tanki limekaa juu ya bomba, hivyo petroli huteremka kwa uzito wake wenyewe hadi kwenye pampu saa zote, na tundu dogo popote katika njia hiyo halihitaji injini iwake ili livuje.

Ikivuja injini inapozunguka tu, au kwa dakika chache baada ya kuizima, tazama kuanzia pampu hadi kabureta, kwa sababu hapo ndipo petroli inaposukumwa kwa nguvu. Hali hii ndiyo ya hatari zaidi, na gari lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe.

Ikivuja au kunuka siku chache baada ya kujaza tanki, kisha ikatulia petroli inapopungua, chanzo kiko juu ya tanki: gasketi (kizibo chembamba cha mshono) ya kipimo cha petroli, mpira wa shingo ya kujazia, au vimipira vya kupumulia. Gari likikata kona kali petroli hupanda hadi huko na kutoka kidogo kidogo. Harufu yake huingia ndani ya gari kupitia dashibodi, na wengi hudhani kabureta ndiyo yenye kosa.

Dalili ya nne haionekani nje kabisa. Vuta kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama ilhali hakuna aliyeiongeza, basi diaframu ya pampu, yaani utando wake wa ndani unaosukuma petroli, imepasuka, au vali ya sindano, ile inayofunga petroli isiingie zaidi ndani ya kabureta, haifungi, na petroli inateremka ndani ya injini. Usiwashe injini katika hali hiyo. Oili iliyochanganyika na petroli haina uwezo wa kulinda beringi, na mvuke uliojaa ndani ya injini unaweza kulipuka.

Kutafuta chanzo kwa macho na kwa mkono

Anza kwa kusafisha. Mahali palipojaa vumbi na oili ya zamani hapasomeki, kwa hiyo futa viungo vyote vya petroli hadi vikauke kabisa. Hata kabla ya kufuta, angalia madoa, maana petroli inayokauka mara nyingi huacha utando wa rangi ya kahawia au manjano, na utando huo huonyesha njia iliyopita tone kwa miezi mingi. Fuata doa kuelekea juu. Petroli huteremka na kutambaa juu ya bomba hadi ipate mahali pa kudondokea, kwa hiyo sehemu inayodondosha mara nyingi haina kosa lolote, na kosa liko pale juu kabisa palipolowa.

Baada ya kusafisha, funga kipande cha karatasi nyeupe kuzunguka kila kiungo, kimoja kimoja, na utandike karatasi nyingine chini ya gari upande wa mbele na wa nyuma. Acha gari likae saa kadhaa. Mahali ambapo petroli inakauka upesi mno, nyunyiza poda ya watoto juu ya kiungo kikavu. Poda hubadilika rangi mara inapolowa, hata kama unyevu ni mdogo kiasi gani.

Kisha tumia vidole. Mpira wa asili wa Beetle umevikwa kitambaa kilichosukwa, nacho huficha mengi: nje unaweza kuonekana mzima ilhali ndani umepasuka kama udongo wa kiangazi. Ukunje taratibu. Mpira mzuri hukunjika na kurudi; uliozeeka huwa mgumu, hutoa ufa, au hubaki umekunjika. Ukiwa laini mno na kunata mkononi, nao umekwisha.

Shika pia bomba dogo la shaba linaloingiza petroli kwenye kabureta na ujaribu kulizungusha kwa vidole viwili bila nguvu kubwa. Likizunguka au kucheza hata kidogo, umeshapata kosa kubwa, hata kama leo halivuji.

Ikiwa hadi hapo hujaona kitu na dalili zinaelekea upande wa injini, rudisha waya wa betri baada ya kuhakikisha hakuna harufu kali, washa injini huku mtu wa pili akiwa ameshika kizimamoto, na utazame kwa mbali kidogo kwa dakika chache. Ukiona tone la kwanza, zima papo hapo.

Kubadilisha mipira yote

Mipira iko sehemu tatu. Wa kwanza unatoka chini ya tanki kuingia kwenye bomba la sakafu. Huu hausumbui macho ya mtu kwa sababu umefichwa, na kwa hiyo ndio husahaulika. Wa pili uko chini, karibu na gia boksi, pale bomba linapotoka kwenye mgongo wa sakafu. Vingine ni vipande vifupi ndani ya chumba cha injini, kabla na baada ya pampu. Mita mbili za mpira zinatosha kazi yote.

Ukubwa wake ni jambo la kuangalia kwa makini. Bomba la chuma lina kipenyo cha milimita 6 kwa nje, na mpira unaolishika sawasawa ni wenye tundu la milimita 5 hadi 5.5. Madukani mara nyingi utapewa wa robo inchi, ambao ni zaidi ya milimita 6, nao huingia kwa urahisi unaofurahisha na kutoka kwa urahisi uleule. Soma pia maandishi yaliyochapwa juu ya mpira: wenye alama ya SAE J30R9 umetengenezwa kuhimili petroli yenye ethanoli. Kwa wasomaji walioko Uingereza jambo hili ni la lazima, kwa kuwa tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ina ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani huharibiwa nayo upesi. Usikubali bomba la plastiki linaloonyesha ndani, ambalo hukauka na kupasuka kwa joto la injini, wala kamba za mpira wa tyubu za kufungia viungo, kwa sababu mpira wa tyubu huvimba na kulegea ukiguswa na petroli.

Ni afadhali tanki liwe na petroli kidogo kabla ya kuanza. Kwenye mpira wa mbele, bana mpira wa zamani kwa plaizi iliyofunikwa kitambaa, uchomoe upande wa chini, na uiachie petroli iteremke yote ndani ya chombo cha chuma. Ukiwa nyuma na tanki bado lina petroli, kumbuka kwamba ukichomoa mpira petroli itaendelea kutoka hadi tanki liishe. Ndiyo kazi ya zile bolti za milimita 6, ambazo huingia kwenye ncha ya mpira na kuziba vizuri.

Mpira uliogandia usiuvute kwa nguvu, hasa kwenye kabureta. Upasue kwa kisu kwa urefu wake na uumenye, ukiangalia usilikwaruze bomba. Safisha bomba kwa msasa laini, futa, na likague kama lina kutu iliyokula hadi ndani. Kata mpira mpya kwa kisu, si kwa mkasi, ili ncha iwe sawa. Usukume hadi uingie angalau sentimita mbili, kisha uweke klipu karibu na mwisho wa mpira lakini si ukingoni kabisa. Klipu zilizo bora ni zile za mkanda laini usio na matundu, maana zenye meno hukata mpira zikikazwa. Kaza hadi mpira ushikwe, si hadi uchomoze pembeni ya klipu.

Mahali bomba linapopita kwenye bati la mbele la injini panapaswa kuwa na kizibo cha mpira. Kikikosekana, bati hulisaga bomba kwa mtikisiko wa kila siku mpaka litoboke. Kizibo hicho ni cha bei ndogo sana, na gari lisirudi barabarani bila hicho.

Kuhusu chujio, maoni yangu ni thabiti. Mafundi wengi hulifunga kati ya pampu na kabureta kwa sababu ni rahisi kufika, lakini hapo chujio la plastiki au kioo huning'inia juu ya injini ya moto, na uzito wake huvuta bomba la shaba la kabureta kila gari linapopita kwenye matuta. Lihamishie chini, karibu na gia boksi, kabla petroli haijaingia kwenye chumba cha injini.

Bomba la shaba la kabureta

Kabureta za Solex zilizofungwa kwenye Beetle nyingi, kama 30 PICT na 34 PICT, zina bomba la shaba lililosukumizwa tu kwenye mfuniko wa aloi, bila nyuzi za skurubu. Shaba na aloi hazitanuki sawa kwa joto, na baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa bomba hulegea. Siku likichomoka, pampu huendelea kumwaga petroli juu ya injini mpaka mtu azime.

Ondoa chombo cha chujio la hewa, chomoa mpira wa petroli, kisha fungua skurubu tano zinazoshika mfuniko wa kabureta. Inua mfuniko wima, bila kuuburuta, ili usivunje gasketi wala kuligusa boya lililo chini yake. Funika kabureta iliyobaki kwa kitambaa safi, maana chembe moja ya mchanga ikianguka humo itaziba jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha petroli.

Upeleke mfuniko mezani. Ingiza shina la keekee lenye unene unaolijaa bomba, ili lisibonyee, kisha ulishike kwa plaizi na ulichomoe kwa kulizungusha. Osha bomba na tundu lake kwa kiyeyushi kisichoacha mafuta, likwaruze bomba kidogo kwa msasa mahali linapoingia, na ulipake gundi ya kushikia vyuma iliyoandikwa waziwazi kwamba inastahimili petroli; gundi nyingi za kawaida huyeyuka baada ya wiki chache. Ligonge taratibu hadi lifike mahali pake na uliache kwa muda wote uliotajwa na mtengenezaji wa gundi, kwa kawaida siku nzima. Njia iliyo bora zaidi ni kumpelekea fundi wa mashine akate nyuzi ndani ya tundu na kufunga nipo ya skurubu, yaani kibomba kifupi chenye nyuzi. Kwa gari linaloendeshwa kila siku katika joto la pwani, ningechagua nipo bila kusita. Baadhi ya watu hulifunga bomba kwa waya ili lisitoke, na waya huo ni wa kuongezea usalama tu, hauwezi kuchukua nafasi ya matengenezo.

Mfuniko ukiwa mkononi, kagua vali ya sindano iliyo upande wake wa chini. Ukipuliza kupitia bomba huku umeisukuma sindano ndani, hewa isipite. Ikipita, badilisha vali pamoja na washa yake (kile kipete bapa cha kuzibia), na hakikisha washa mpya ina unene uleule, kwa sababu ndiyo inayopanga kimo cha petroli ndani ya kabureta. Rudisha mfuniko kwa gasketi mpya na ukaze skurubu kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa msalaba.

Pampu

Pampu inayolowa kwenye mshono wake inaweza kupona kwa kukazwa skurubu zake, ikiwa ni ya aina ya zamani inayofunguka. Ile iliyobanwa kiwandani haitengenezeki, inunuliwe nyingine. Wakati wa kununua, angalia urefu wa kijiti kinachoisukuma: injini zenye dainamo hutumia cha milimita 108, na zenye altaneta hutumia cha milimita 100. Kijiti kirefu kikiwekewa pampu isiyo yake, pampu husukuma kupita kiasi, petroli huilazimisha vali ya sindano, na uvujaji hurudi mahali papya huku mwenye gari akiilaumu kabureta. Ikiwa oili ilikuwa na petroli, imwage yote na uweke mpya, kiasi cha lita 2.5.

Tanki

Uvujaji wa juu ya tanki hutengenezwa kwa gasketi mpya ya kipimo na mipira mipya ya shingo na ya kupumulia, na huhitaji kufungua boneti na kuondoa kifuniko cha tanki tu. Wa chini ni kazi nzito zaidi. Kutu ikitoboa kitako cha tanki, wengi hukandika sabuni ya mche, kwa kuwa sabuni haiyeyuki katika petroli. Inafaa kukutoa porini hadi mahali salama. Haifai kulala nayo nyumbani, kwa maana maji ya mvua au ya kuoshea gari huiondoa.

Tanki lichomolewe kwa kufungua bolti zake nne, likaguliwe kwa kulikwaruza kutu, na likiwa limetoboka mahali pengi linunuliwe jingine. Likiwa na tundu moja tu, lipelekwe kwa fundi anayejua kulisafisha mvuke kabla ya kulitia moto. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na kulikausha juani hakutoshi.

Kujaribu kabla ya kuendesha

Rudisha petroli kidogo, lita tano hivi, na utazame mpira wa mbele na wa gia boksi kwa nusu saa kabla ya kuunganisha betri. Vikiwa vikavu, unganisha betri, zungusha stata kwa vipindi vifupi hadi pampu ivute petroli, na uache injini izunguke taratibu huku ukipitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Izime, usubiri dakika kumi joto lipande, uangalie tena, kwa sababu viungo vingi huvuja katika dakika hizo na si wakati mwingine. Mwisho jaza tanki kabisa, endesha mwendo mfupi wenye kona, kisha unuse chini ya boneti.

Baada ya safari ndefu ya kwanza rudi kwenye kila klipu kwa bisibisi, maana mpira mpya hujibana na klipu hulegea kidogo. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye kipande cha utepe ukibandike ndani ya kifuniko cha injini, na mipira hiyo uibadilishe tena kabla haijatimiza miaka mitano, hata kama ukiitazama unaiona bado mizima.